Kulipima Jani na Kuhesabu Machipukizi: Mwongozo wa Kulima Nafaka Kwenye Ardhi ya Chumvi Mombasa

Mkulima wa mpunga, mtama au mahindi anayelima kandokando ya hori la Tudor, la Port Reitz au la Mtwapa kwa kawaida huanza kuishuku chumvi siku anapoona ncha za majani zimeungua. Kufikia siku hiyo sehemu kubwa ya hasara imekwisha kutokea, tena ilitokea wakati mimea ingali ya kijani na haina doa. Chumvi huanza kwa kulifupisha jani jipya, kisha hulizuia chipukizi lisitoke, na mwisho kabisa ndipo huliunguza jani lililokomaa. Hapa ninaeleza namna ya kuzitambua hatua hizo mbili za kwanza kwa rula, uzi na macho, na namna ya kuyatumia maji matamu machache uliyo nayo katika wiki ambazo yatakufaa zaidi.

Mahali jani linapokulia

Ukilishika jani la mpunga linalochomoza katikati ya mche, sehemu unayoiona imekwisha kukua. Ukuaji wenyewe unafanyika chini, ndani ya ala (sehemu za chini zinazolikumbatia shina) za majani yaliyotangulia, katika kipande kifupi cha sentimita chache karibu na kitako cha mmea. Seli za kipande hicho hurefuka kwa kujazwa maji. Maji ya udongoni yakiwa na chumvi, mizizi hupata taabu kuyavuta, na seli hizo ndizo zinazokuwa za kwanza kupungukiwa. Ndiyo maana jani hupunguza mwendo ndani ya dakika chache baada ya chumvi kuifikia mizizi, kabla chumvi yenyewe haijapanda hadi kwenye jani. Baada ya saa moja au zaidi mwendo hurudi kiasi, lakini haurudi ulipokuwa. Mmea unatenda kama uliopandwa kwenye ardhi kavu, ingawa unaweza kuwa umesimama ndani ya jaruba lililojaa maji.

Hatua ya mwisho, ile ya kuungua kwa majani, ni ya polepole. Mizizi huizuia sehemu kubwa ya chumvi isipite, lakini haiizuii yote, na kile kinachopenya hubebwa na maji hadi kwenye majani, ambako maji huondoka kwa jua na upepo na chumvi hubaki. Kwa kuwa jani la zamani limepitiwa na maji kwa muda mrefu kuliko jani changa, ndilo linalojaa sodiamu, sehemu ya chumvi inayodhuru, mapema na kuungua kuanzia ncha na kingo. Swali la uhai wa mmea hapo ni moja: je, majani mapya yanatoka haraka kuliko yale ya zamani yanavyokufa? Yakichelewa, mmea hukosa sukari ya kuulisha mzizi na suke. Hali hii hukaza zaidi katika majira ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, wakati jua ni kali, mvua ni haba na majani yanapoteza maji mengi kutwa.

Chipukizi na jani vimefungwa pamoja

Nafaka nyingi huzaa machipukizi kwenye makwapa ya majani ya chini. Katika mpunga kuna mpangilio ambao kila mkulima angefaidika kuujua: chipukizi la kwapa la jani fulani hutokeza takribani wakati uleule ambapo shina mama linatoa jani la tatu baada ya hilo. Kwa hiyo chipukizi la kwapa la jani la pili linatarajiwa pamoja na jani la tano. Kama majani yanachelewa kutoka, machipukizi nayo yanachelewa, na yale ambayo yangezaliwa na machipukizi ya kwanza hukosa muda kabisa, kwa sababu mmea ukifika wakati wa kuanza kutengeneza suke hauendelei kuchipua. Tena kuna makwapa ambayo jicho lake hulala tu lisichipue, kwa kuwa mmea uliopungukiwa sukari hulisha shina mama kwanza.

Utafiti mwingi wa jambo hili ulifanywa kwa ngano na shayiri, ambazo nchini Kenya ni mazao ya Narok na Uasin Gishu na wala si ya ukanda wetu. Matokeo yake yanatufaa hata hivyo. Shina mama huweza kuvumilia chumvi na kutoa suke la haja, huku machipukizi ya upande yakikosekana. Mkulima anayeangalia suke mojamoja ataridhika. Anayehesabu masuke katika mita moja ya mraba ataona upungufu.

Mahindi hayategemei machipukizi, kwa hiyo chumvi huyapunguzia mapato kupitia ukubwa wa majani na idadi ya punje kwenye gunzi. Mtama hutoa machipukizi kiasi, kulingana na mbegu na nafasi. Wimbi na mpunga hutoa mengi. Maana yake ni kwamba katika mahindi utapima jani peke yake, na katika mpunga utapima jani na kuhesabu machipukizi.

Namna ya kupima

Chagua mashina 10 ya mpunga, yakiwa yametawanyika shambani, wala usichague yale mazuri ya kando ya njia. Funga uzi wa rangi uliolegea kwenye kila shina ili uyarudie yaleyale. Kila asubuhi, saa ileile, pima jani linalochomoza kuanzia pale ubapa wa jani la mwisho lililokwisha kufunguka unapoungana na ala yake, hadi kwenye ncha ya jani jipya. Tofauti ya leo na jana ndiyo mwendo wa jani. Fanya hivyo kwa siku 5 mfululizo na uandike kwenye daftari. Kupima saa tofauti kutakudanganya, kwa sababu mwendo wa jani haulingani mchana na usiku.

Lakini namba peke yake haisemi kitu mpaka iwe na mwenziwe wa kulinganisha naye, na hapa ndipo ndoo zinapohitajika. Mimi naliona hili kuwa jambo lenye faida kuliko yote katika mwongozo huu, na halina gharama. Chukua ndoo 4 zilizotobolewa chini, zijaze udongo mmoja kutoka shambani uliouosha vizuri kwa maji ya mvua, upande mbegu moja ya aina moja. Ndoo 2 zinyweshe maji ya mvua, na 2 maji ya kisima chako. Ziweke pamoja juani. Kuanzia jani la tatu, pima kama ulivyopima shambani. Majani ya ndoo za kisima yakirefuka kwa mwendo mdogo kuliko ya ndoo za mvua, wakati udongo, jua na mbegu ni vilevile, kilichobaki cha kulaumiwa ni maji. Na kama ndoo zote nne zinakwenda sawasawa lakini shamba liko nyuma yao, tatizo liko kwenye udongo wa shamba au linapanda kutoka chini yake.

Machipukizi yahesabu mara moja kwa wiki kwenye mashina yaleyale yenye uzi, ukianza wiki ya pili baada ya kupandikiza na kuendelea hadi idadi isimame. Hesabu kila chipukizi lenye angalau jani moja lililofunguka. Andika pia idadi ya majani ya shina mama, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokueleza kama machipukizi yamechelewa pamoja na majani au yamekataa kutoka hata baada ya jani lake kufika. Hali hii ya pili ni mbaya zaidi.

Yapo mambo mengine yanayofanana na chumvi. Ukosefu wa naitrojeni hufupisha majani na kupunguza machipukizi, lakini majani hupauka na kuwa ya manjano kuanzia yale ya chini. Ukosefu wa potasiamu huunguza kingo za majani ya zamani karibu kama chumvi inavyofanya. Mmea ulioguswa na chumvi kwa kawaida huwa mfupi, wenye majani membamba ya kijani kilichokolea, hata pengine cha kuelekea buluu, na mara nyingi utaona ukoko mweupe juu ya udongo ardhi inapokauka. Kama huna hakika, peleka sampuli ya udongo ipimwe. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ina kituo Mtwapa, na unaweza kuanzia hapo kwa kuuliza.

Kisima chako na bahari

Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ufuo wa Kisauni na Likoni vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una mianya. Maji ya mvua yaliyozama humo huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo. Hesabu yake inajulikana: kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takribani mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukivuta kwa pampu kubwa na kuyashusha hayo ya juu kwa nusu mita tu, maji ya chumvi huweza kupanda kutoka chini kwa mita nyingi. Kisima kilichokuwa kitamu kwa ndoo na kamba huharibika kwa njia hiyo baada ya kufungwa pampu. Vuta kidogokidogo, kwa saa nyingi, na uache kisima kipumzike.

Kipimo kidogo cha mkononi cha kupitisha umeme ndani ya maji kinatosha kwa kazi hii. Husoma kwa desisimensi kwa mita, au kwa maikrosimensi kwa sentimita, ambapo 1,000 za hizi ni sawa na 1 ya zile. Maji ya bahari husoma kama 50 na kidogo. Desisimensi 1 ni karibu gramu 0.64 za chumvi katika lita moja. Pima kisima maji ya bahari yakijaa na yakipwa, wakati wa bamvu (maji yanapojaa na kupwa sana) na wakati wa maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), na upime tena mwishoni mwa kaskazi, kwa sababu kipimo cha Juni, baada ya masika, kinaweza kukuridhisha bila sababu.

Udongo nao upime. Kausha udongo wa kina cha mizizi, sentimita 0 hadi 20, upondeponde, chukua kikombe 1 cha udongo na vikombe 5 vya maji ya mvua, tikisa mara kadhaa kwa muda wa saa moja, acha utuame, kisha soma maji ya juu. Somo hilo lizidishe kwa kama 14 ikiwa udongo ni mchanga, karibu 10 ikiwa ni tifutifu, na karibu 7 ikiwa ni mfinyanzi mzito kama ule wa upande wa Changamwe na Jomvu. Jibu ni makadirio ya kile ambacho maabara ingekipata kwa udongo uliolowa hadi kushiba, nacho ndicho kinachotumika katika majedwali yote ya uvumilivu wa mazao kwa chumvi.

Majedwali hayo yanatokana kwa sehemu kubwa na kazi ya E. V. Maas na G. J. Hoffman wa maabara ya chumvi ya Riverside, California, iliyochapishwa mwaka 1977. Mahindi huanza kupoteza mavuno udongo ukipita 1.7, na hupoteza asilimia 12 kwa kila desisimensi 1 inayoongezeka. Mpunga huanza kwenye 3.0, nao hupoteza asilimia 12. Mtama husubiri hadi 6.8, lakini ukishapita hapo huporomoka kwa asilimia 16. Shamba linalosoma 5, kwa mfano, litapunguza mahindi kwa takribani asilimia 40 na mpunga kwa asilimia 24, na mtama hautaguswa. Mtu mwenye shamba la namna hiyo anayeendelea kupanda mahindi kila mwaka kwa sababu ndiyo mazoea ya nyumbani anajinyima chakula, nami namsihi afikirie mtama. Mbegu za mahindi za Pwani Hybrid, PH1 na PH4, zilikusudiwa ukanda huu wa chini wenye joto. Jina la pwani lisikufanye udhani kwamba zilikusudiwa pia ardhi ya chumvi.

Kuiosha ardhi kabla ya mche

Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, na mvua hiyo huosha bure. Kwenye ardhi ya kando ya hori usikimbilie kupanda kwa manyunyu ya kwanza ya Machi, kwa sababu manyunyu huiyeyusha chumvi iliyolala juu na kuishusha palepale penye mbegu. Subiri mvua kubwa mbili tatu zipite, pima tena, ndipo upande. Kwa mpunga muda huo haupotei, kwa kuwa miche inaweza kuwa kwenye kitalu kinachonyweshwa maji matamu. Mpunga huota vizuri hata kwenye chumvi kiasi, kisha huwa dhaifu sana unapokuwa na majani mawili au matatu, hurudi kuwa na nguvu unapochipua, na hudhoofika tena unapobeba mimba (suke likiwa bado ndani ya ala) na kuchanua. Kitalu kidogo cha maji matamu huuvusha katika udhaifu wa kwanza. Pandikiza miche ya siku 25 hadi 30 badala ya ile midogo, kwani mche mkubwa hustahimili zaidi.

Maji ya kuosha lazima yapate njia ya kutoka, la sivyo unaihamisha chumvi tu. Kwenye mchanga yatazama yenyewe. Kwenye mfinyanzi uliovurugwa kuwa jaruba hayazami, kwa hiyo jaza jaruba, koroga tope, acha kwa siku moja, kisha yatoe yote kwa mfereji na urudie. Mlango wa mfereji unaoelekea horini ufunguliwe maji yakipwa na ufungwe kabla hayajajaa. Siku za bamvu uufunge kwa makini zaidi, kwa kuwa kusahau mara moja kunaweza kuirudisha kazi ya mwezi mzima. Usichimbe mfereji kupitia tope la mikoko lenye rangi ya kijivu na harufu ya yai bovu. Tope hilo likikauka na kupata hewa hugeuka kuwa tindikali kali, na madhara yake hudumu kuliko ya chumvi.

Ukinyunyizia kwa kisima, ongeza maji kidogo zaidi ya yale yanayonywewa na mmea ili yapite chini ya mizizi pamoja na chumvi. Kiasi hicho kinahesabika. Chukua kiwango cha chumvi unachoweza kukivumilia udongoni, kizidishe kwa 5, toa kipimo cha maji yako, kisha gawanya kipimo cha maji kwa jibu ulilopata. Maji ya 1.5 kwa mpunga wenye kiwango cha 3 yatakupa 1.5 kugawanya kwa 13.5, yaani karibu asilimia 11 ya maji ipite chini. Maji ya 3 yatataka asilimia 25. Maji ya 2 kwa mahindi yatataka karibu asilimia 31, na kwa mkulima anayenunua dizeli ya pampu hilo ni jibu tosha kuhusu mahindi.

Mwagilia chini, usiyanyeshee majani, maana jani hunyonya chumvi moja kwa moja. Mwagilia jioni au alfajiri. Ukitumia matuta, kumbuka kwamba chumvi hupanda na kujikusanya kwenye mgongo wa tuta, kwa hiyo panda begani. Tandaza majani makavu au maganda ya mpunga ili jua lisiivute chumvi juu.

Idadi ya mashina na mbolea

Kwa kuwa unajua machipukizi yatapungua, usiyategemee. Nafasi ya sentimita 20 kwa 20 hutoa mashimo 25 ya kupandia katika mita moja ya mraba. Ukibana hadi 15 kwa 15 unapata 44, na ukiweka miche 3 au 4 kwa kila shimo badala ya mmoja au miwili, masuke mengi yatatoka kwenye mashina mama, ambayo chumvi haiyasumbui kama inavyoyasumbua machipukizi. Ni njia ya kutumia mbegu nyingi, lakini kwenye ardhi hii mbegu ni rahisi kuliko maji.

Kuhusu mbolea, Kiswahili chenyewe kimeziita za viwandani mbolea za chumvichumvi, na jina hilo linapaswa kukumbukwa shambani. Mmea ulioduma kwa chumvi hautachipua kwa kuongezewa yurea juu ya udongo usiooshwa, utaongezewa mzigo. Osha kwanza, kisha gawa yurea mara mbili au tatu kwa viwango vidogo, ukiifukia, kwa sababu juu ya udongo wa matumbawe wenye chokaa nyingi sehemu yake hupotea hewani. Potasiamu inasaidia mmea kushindana na sodiamu, ila uipate kwenye mbolea ya salfeti badala ya ile ya kloridi. Samadi iliyooza vizuri inafaa sana. Ya kuku iliyo mbichi ina chumvi nyingi. Jasi inahitajika tu pale sodiamu imeufunga udongo. Dalili yake ni udongo uliotiwa kwenye chupa ya maji ya mvua, ukatikiswa kidogo, na maji yakabaki tope hata kesho yake.

Iwapo umeanza kupima ukiwa umechelewa, na mashina yako ya uzi yamesimama kwenye machipukizi mawili huku mpunga ukikaribia kubeba mimba, machipukizi mengine hayatakuja. Acha kuyatafuta. Maji matamu yaliyobaki kwenye tangi yaweke kwa ajili ya wiki za mimba na kuchanua, jaruba likae na maji sentimita 5 hadi 10 na yabadilishwe kipimo kinapopanda, ili masuke uliyonayo yajaze punje. Kisha yahesabu siku ya kuvuna, katika mita moja ya mraba, na uiandike hesabu hiyo pembeni ya kipimo cha udongo kabla daftari halijafungwa.